Kumwagilia Nondo

Mume wangu, Alexander Chenge, anapiga gitaa la umeme na anauogopa umeme. Mwenyewe atakataa. Atakwambia anauheshimu, basi. Lakini mimi ndiye ninayefua suruali zake, na naona zilivyopauka mapajani kwa kufutiwa viganja kabla hajaligusa lile gitaa. Heshima haipaushi suruali.

Si mwoga wa kila kitu, nisimsingizie. Mwaka juzi kifutu aliingia chooni kwetu, maana huku Igogo mlimani nyoka nao wamejenga kwenye mawe kama sisi, na Chenge akamtoa kwa mpini wa fagio huku akimsemesha Kisukuma, taratibu, kama mtu anayemsindikiza mgeni aliyekaa sana. Mimi nilikuwa juu ya meza. Ila mtu huyohuyo akitaka kuchomeka pasi ukutani huvaa kandambili kwanza, hata kama ametoka kitandani.

Alizaliwa Magu, kwa wafugaji, akaja Mwanza kijana na gitaa alilojitengenezea kwa galoni. Amepiga katika bendi zilizokufa zote. Zile bustani za hoteli kando ya ziwa zilipoanza kuweka muziki wa simu na spika kubwa, wenzake walirudi kulima, yeye akashika brashi. Siku za kazi anapaka rangi nyumba za watu, Jumamosi mchana anapiga kwenye bustani moja Kirumba ambako watu wanakula sato na kupiga picha na ziwa. Anapiga peke yake, gitaa upande mmoja na mtambo wa Farouk upande wa pili.

Huo mtambo lazima niueleze, maana wageni wangu wakiuona hudhani ni mita za umeme za mtaa mzima. Ni kinanda, ila hakina vibonye vyeupe wala vyeusi. Ni vipande vya alumini vilivyopangwa kwenye fremu ya chuma, kila kipande na kazi yake: hiki kinatoa sauti, hiki kinaikata, hiki kinaitikisa, kile kinaamua ianze lini na ife lini. Vipande havijuani mpaka mtu aviunganishe kwa nyaya fupi za rangi, kisha azungushe vitufe akitafuta. Hakuna kilichohifadhiwa ndani. Ukichomoa waya, sauti uliyoipata jana imeondoka na huenda usiipate tena. Farouk aliujenga kwa vipuri vya redio mbovu, kipande kimoja kimoja, kwenye kibanda chake cha ufundi pale Mirongo. Alikuwa mtoto wa mjini, maneno mengi, shati lake daima linanuka moshi wa lehemu, na alimpenda mume wangu kuliko ndugu zake. Mimi nilimwita mke mwenzangu, naye aliitikia.

Farouk alikufa Sengerema, kwenye harusi.

Sikuwepo. Chenge amenisimulia mara moja tu, na mimi sijamwomba ya pili. Umeme wa ukumbi ulikuwa hautoshi, kwa hiyo gitaa na amplifaya yake vilichomekwa ukutani, na mtambo ukachomekwa kwenye jenereta la wapishi. Walipiga vizuri, bibi harusi akacheza. Chenge akashikwa na kiu. Akalivua gitaa, akampa Farouk, akamwambia, "Nishikie kidogo," akainama kuchukua chupa ya maji. Farouk alilipokea kwa mkono wa kushoto, vidole juu ya nyuzi. Mtambo ukaanza kuteleza sauti, naye kwa mazoea akanyoosha mkono wa kulia arekebishe kitufe. Chenge alipoinua kichwa, Farouk alikuwa amesimama, mikono yote miwili imeshika, na uso wake unashangaa. Watu walidhani anacheza. Baadhi yao walipiga makofi.

Walimrudisha kwa kivuko cha Kamanga, na Chenge alisimama pembeni ya gari lililobeba maiti njia yote, hakukaa. Baada ya maziko nilidhani muziki umeisha nyumbani kwangu, na niseme ukweli, nilifurahi ndani kwa ndani. Kisha Nurdin, mdogo wake Farouk, ambaye naye ni fundi, akaja na mtambo kwenye toroli. Alisema kwao hakuna anayeweza kulala nyumba moja nao. Mama yao akiuona analia. Chenge akaupokea, akauweka sebuleni, akaufunika kwa kanga yangu. Kanga mpya.

Nikamwuliza kama ana akili timamu. Akasema:

"Mama Queen, nikiuacha huu, nitakuwa nimemuua kwa kiu ya maji tu."

Nikamwachia na kanga.

Sasa nyumba yetu iko juu ya jiwe. Sisemi karibu na jiwe. Ukuta wa jikoni ni jiwe lenyewe, tumelipaka chokaa. Mlima mzima uko hivyo, na ukisimama mlangoni unaona ziwa lote na mabati ya majirani chini ya miguu yako. Tulipoingiza umeme, mwaka mmoja kabla ya Sengerema, fundi aliyetufungia alikuwa Jonathan, kijana wa hapohapo mtaani. Ndiye aliyenifundisha neno ethi. Alinieleza kwamba nyuma ya nyumba kunachimbiwa nondo ndefu ya shaba, na waya wa kijani unatoka kwenye nyumba unakuja kufungwa pale, ili umeme uliopotea njia ushukie udongoni usimpitie mtu. Aliigonga nondo yake kutwa. Mlio wake ulikuwa wa chuma na jiwe. Jioni nikakuta kichwa cha nondo kimechomoza ardhini vizuri, waya umefungwa, na udongo umeshindiliwa. Jonathan alisema kazi imekwisha, ila udongo wa huku ni mkavu, kwa hiyo niwe namwagia maji.

Huku mlimani wanawake wote tunamwagilia. Utamwona mama katoka na beseni la maji ya vyombo, anapita mchicha wake kavu, anakwenda kumwaga kwenye nondo. Wengine wanatia chumvi. Mama mmoja wa jirani, Dorcas, anatia na mkaa, na anaisemesha. Kabla ya Sengerema nilikuwa nikisahau wiki nzima. Baada ya Sengerema sikusahau hata siku moja. Maji yakikatika nilinunua dumu, na fungu la kwanza lilikuwa la nondo, la pili la chai. Chenge aliniona na hakunizuia. Siku moja nilikuwa na homa kali nikamwomba anisaidie, akatoka na beseni, nikasikia maji yakimwagika, nikalala usingizi mzuri.

Maana woga ulikuwa umehamia kwangu. Yeye alipokuwa akipiga sebuleni, mimi nilikuwa kwenye cherehani yangu ya miguu chumbani, mlango wazi, na nilijifunza kusikiliza kama nesi. Gitaa la umeme lina mngurumo mdogo hata kabla hujalipiga. Ukiweka vidole juu ya nyuzi, mngurumo unapungua. Chenge alisema ni kawaida, magitaa yote yako hivyo. Mimi nilijiuliza, ule mngurumo ukimshika mtu ukanyamaza, unakuwa umekwenda wapi? Sikulipenda jibu nililokuwa nalo kichwani.

Na kilichonitesa zaidi ni ukimya wake. Muziki wa Chenge wa siku hizi uko hivi: gitaa linalia, linapanda, halafu linakatwa. Kimya kabisa. Halafu mtambo unaanza kutoka chini, polepole, mzito, kama ng'ombe anayeamka. Halafu kimya tena. Halafu gitaa. Pale Kirumba watu wameupenda sana huo ukimya. Wanashusha uma. Kuna dada mmoja wa benki alinifuata kunishika mkono, akaniambia mume wangu anajua kunyamaza, mpaka nywele zimemsimama. Nikamshukuru. Nyumbani, kila alipoukata muziki namna hiyo, mguu wangu uliganda kwenye pedali ya cherehani, nikasubiri. Mtambo ukiingia, napumua, nashona.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Ilikuwa mwezi wa tatu, alasiri, mvua zimeanza na ziwa limekuwa jeusi upande wa Ukerewe. Radi ilikuwa inapiga mbali. Nilimwambia Chenge aache kupiga mpaka ipite, akasema ataacha ikikaribia, ana wimbo wa Farouk anautafuta na leo ameusikia kwa mbali, akizima sasa unapotea. Nikachukua beseni langu nikatoka nyuma.

Mvua ya usiku uliotangulia ilikuwa imekokota udongo wote wa pale, imeacha kokoto, na magugu yameota kuzunguka kichwa cha nondo. Nikaweka beseni chini. Nikashika magugu nikavuta. Nondo ikaja nayo.

Ilitoka bila shida yoyote, kama muhogo uliolimwa mchangani. Nikabaki nimeishika. Urefu wake ulikuwa wa mwiko wa ugali. Chini ilikuwa imekatwa kwa msumeno, imenyooka, safi, na waya wa kijani bado umefungwa juu yake unaning'inia mpaka ukutani. Pale ilipotoka kulikuwa na udongo wa kiganja kimoja, na chini ya udongo jiwe.

Jambo la kwanza nililofikiri ni kwamba nimemuua: nimeng'oa kinga yake akiwa anapiga. La pili ni kwamba kinga haikuwepo, na miaka yote nimekuwa nikimwagilia jiwe. La tatu ni kwamba mimi mwenyewe nimeshika kitu kilichofungwa kwenye umeme wa nyumba, niko miguu mitupu kwenye tope, na radi inakuja. Nikaitupa. Kisha nikaona nimeitupa, nikaogopa kuiacha hivyo, nikaogopa kuirudisha. Nikataka kumwita, lakini nikaona picha yake akishtuka, anageuka, mkono mmoja kwenye gitaa, mwingine unatafuta pa kushika.

Ndipo gitaa lilipokatika.

Nilisubiri mtambo. Ninajua urefu wa ule ukimya jinsi ninavyojua urefu wa mkono wangu. Ulifika mwisho wake, ukapita. Mtambo haukuingia. Nikasikia tone la maji likidondoka kutoka batini kwenda kwenye beseni, na redio ya Dorcas kwa mbali. Nilijua sasa hivi amesimama pale sebuleni, mikono yote miwili imeshika, na uso wake unashangaa.

Nilikimbia. Sikupita sebuleni, nilizunguka kwa mlango wa jikoni ambako ndiko meinswichi iliko, kwa sababu Chenge alishaniambia tangu zamani kwamba nikimkuta ameshikwa nisimguse, nizime kwanza. Nikaishusha kwa mkono wote. Friji likanyamaza. Nikasimama gizani pale jikoni, nimeuegemea ukuta wa jiwe, na sikuweza kwenda mbele. Nilitaka nibaki palepale bila kujua.

"Mama Queen," sauti ikatoka sebuleni, "LUKU imeisha?"

Nilicheka. Halafu nikalia, na nilipofika sebuleni nilikuwa nafanya vyote viwili, na nikampiga kwa upande wa kanga yenye tope. Alikuwa ameshika waya mwekundu mdomoni, anahangaika na kipande kimoja cha mtambo kilicholegea. Ndiyo maana haukuingia.

Nikamvuta mpaka nyuma nikamwonyesha nondo. Nilitaka aogope nilivyoogopa. Nilitaka aseme tukamchome Jonathan mkuki. Yeye akaiangalia pale topeni, akaiangalia miguu yangu, na uso wake haukubadilika, na hapo nikajua.

Alikuwa anajua tangu siku ilipowekwa. Alitoka kupaka rangi siku hiyo akamkuta Jonathan anakata kwa msumeno. Jonathan alimwambia jiwe limekataa, na kwamba mlima mzima uko hivyohivyo, nyumba kwa nyumba, vichwa vya nondo vimechomoza na chini hakuna kitu. Chenge wakati ule aliona si jambo kubwa, maana kila mtu alikuwa hai. Baada ya Sengerema aliona ni jambo kubwa, lakini akakuta nimeshaanza kumwagilia.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Mvua ilikuwa imeanza kutudondokea.

"Ulikuwa hulali," akasema. "Ukaanza kumwagilia, ukawa unalala. Ningekwambia nini?"

Na yeye je, nikamwuliza, yeye analindwa na nini, kama siyo nondo wala maji yangu? Akanyanyua mikono yake yenye madoa ya rangi nyeupe. Akanionyesha. Anapiga gitaa. Akitaka kuugusa mtambo, anaziachia nyuzi kwanza, anaurudisha mkono kifuani mpaka auone kwa macho yake kwamba haujashika kitu, ndipo anyooshe mwingine. Akimaliza na mtambo, vivyo hivyo. Hajawahi kushika vyote viwili kwa pamoja tangu Sengerema, hata kwa kufumba na kufumbua.

Kwa hiyo huo ndio ukimya. Dada wa benki nywele zinamsimama, watu wanashusha uma, na mimi nimeganda kwenye cherehani, wote tunasikiliza mtu anayehakikisha kwamba hafi.

Kesho yake nilimfuata Jonathan. Aliniamkia vizuri, "Shikamoo mama," nikaitikia marahaba kwa sababu nimelelewa, kisha nikamwekea ile nondo kifuani. Hakubisha. Aliinamisha kichwa akasema jiwe ni jiwe, na kwamba ethi ya kweli ingetakiwa kushushwa kwa waya mrefu mpaka bondeni kwenye udongo, na hakuna mtu mlimani aliyewahi kukubali kazi hiyo. Nikamwambia sasa yupo mmoja, na aende akawaambie na wengine, aanze na Dorcas, kabla sijaenda mimi. Waya ulishushwa. Lakini Chenge alikataa kurudi kupiga sebuleni, na kwa mara ya kwanza alikubali kwa mdomo wake kwamba anaogopa.

Nurdin ndiye aliyepata dawa. Alileta betri mbili kama zile za taa za wavuvi wa dagaa, akaubadilisha mtambo tumboni ule betri, na badala ya amplifaya ya zamani akaweka ndogo ya gari. Hakuna kinachochomekwa ukutani. Akachukua waya mmoja mrefu akaliunganisha gitaa na mtambo moja kwa moja, jambo ambalo Farouk alilitaka maisha yake yote, mtambo usikie gitaa na kuliitikia. Alituapia kwamba betri hizi haziwezi kumuua hata panya. Kisha akaenda kuswali alasiri, akatuacha na vyombo.

Chenge akafuta viganja. Akapiga. Mtambo ukaitikia papo hapo, kila uzi ukazaa sauti nyingine chini yake, nene, na mimi niliyekuwa nauchukia ule mtambo nikaweka mkasi chini. Ilibidi sasa azungushe kitufe huku nyuzi zinalia. Akanyoosha mkono. Ukafika karibu, ukarudi kifuani. Akajaribu tena. Jasho lilimtoka mpaka likadondoka kwenye gitaa.

"Nashindwa," akasema. "Akili inajua. Mkono unakataa."

Nilikuwa naogopa kuliko yeye, niseme hivyo. Sikuelewa betri, sikumwamini Nurdin, na nilishaamini nondo nikaona mwisho wake. Lakini nilisimama nikaenda nikanyoosha mikono.

"Lete nikushikie kidogo."

Aliyasikia maneno yale na akarudi nyuma mpaka ukutani. Alitikisa kichwa. Nikamvua gitaa taratibu, mkanda ukanasa sikioni mwake, nikaunasua. Nikaweka vidole vya mkono wa kushoto juu ya nyuzi. Chuma kilikuwa cha moto kwa jasho lake. Chenge alifumba macho, na niliona midomo yake inamwita Farouk. Nikanyoosha mkono wa kulia nikakishika kitufe, na chuma chote cha fremu kwa kiganja kizima, nikangoja.

Mngurumo ukapungua. Ukawa haupo. Nilikuwa bado nimesimama, na chini ya kiganja changu kulikuwa na bati la kawaida lenye vumbi.

"Fumbua," nikamwambia. Alifumbua, akaniangalia mikono yote miwili, akakaa chini sakafuni palepale kama mtu aliyekatwa miguu, akalia kilio ambacho Sengerema hakulia. Nikakaa naye. Gitaa lilikuwa bado mapajani mwangu, linaunguruma kidogo kila nilipoinua kidole.

Jumamosi alikwenda Kirumba na betri zake. Siku hizi anaweza kushika vyote viwili, nimemwona. Lakini ukimya ameuacha kwenye muziki, na watu bado wanashusha uma. Mimi nikikaa meza ya nyuma najua wakati ule anafanya nini. Anautazama mkono wake uliorudi kifuani, aone kama bado ni wake, na mimi simalizi kutafuna mpaka ausogeze.